Chale Tulizozika

Dada yangu Asnath ana chale tatu pembeni ya kila jicho. Nasema anazo, ingawa siku hizi hazipo, na hilo ndilo lililotuletea balaa.

Alichanjwa na bibi akiwa na miaka miwili. Macho yalimvimba mpaka yakafunga, zahanati ilikuwa mbali, bibi akachukua wembe akachanja tatu kulia na tatu kushoto, pale nyusi zinapoishia, akapaka dawa nyeusi. Macho yakapona. Kwetu Misigiri watu wa rika lake wengi wana kitu kama hicho. Mama yetu mwenyewe anazo kifuani. Ila za kifuani zinafunikwa na nguo. Za usoni unatembea nazo.

Mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, Ezekieli, kijiweni wananiita Zeki. Ananizidi miaka kumi na saba. Ndiye aliyenibeba mgongoni, akaninunulia madaftari mpaka nikaishia darasa la saba, na hii pikipiki ninayoendesha bodaboda ni jasho lake. Kwa hiyo mtu akimsema vibaya mbele yangu, mimi sifikiri, mkono unatangulia. Najua ni ubaya. Utaona ulivyotufikisha.

Kazi yake ni mafuta ya alizeti. Basi likisimama pale barabarani ana dakika mbili za kukimbia na madumu, moja kila mkono, anapiga kelele dirishani: "Mafuta safi, mama! Hayajachanganywa, onja!" Kabla ya hapo, asubuhi, anakaanga maandazi kwa kuni. Moshi wa miaka ishirini umemfanya macho yawe mekundu, mekundu ya kweli, hata akipumzika wiki hayarudi. Sasa weka pamoja mwenyewe. Mwanamke, mume alikwenda machimboni hakurudi, macho mekundu, chale usoni, na miaka arobaini na mbili inakwenda hamsini. Mtu wa huku hahitaji kumaliziwa: ni mchawi.

Mama yetu mkubwa, dada yake mama, alikuwa na chale zilezile za wembe uleule wa bibi. Alikatwa mapanga mchana kweupe akipalilia mtama. Asnath alikuwa na miaka kumi na tano, ndiye aliyempelekea uji shambani akamkuta. Waliofanya vile hawajajulikana mpaka leo. Kwa hiyo sisi tunawasalimia watu wote tu.

Mwaka huu mwezi wa tano, mvua zinaisha, jirani yetu Febronia alifiwa na mjukuu. Kati yetu na yeye kuna ua wa minyaa tu. Homa ya siku mbili, mtoto kaenda. Asubuhi ya siku homa ilipoanza mtoto alikuwa amekula andazi la Asnath, kama watoto wote wa mtaa wanavyokula.  Febronia akaacha kuitikia salamu zetu.

Halafu likaja lile la basi. Dada mmoja abiria, kucha ndefu, alishachukua dumu lake dirishani, anatafuta hela kwenye pochi. Mama wa kiti cha pembeni akamshika mkono.

"Rudisha."

"Kwa nini, mama?"

"Humwoni usoni? Unajua unapeleka nini nyumbani kwako?"

Dumu likarudishwa. Basi likaondoka. Nilikuwa kijiweni ng'ambo ya barabara, nikawasha pikipiki nilifukuze basi, Asnath akasimama mbele ya tairi.

"Ukilifikia utafanya nini? Utapiga abiria hamsini? Zima. Nipeleke Singida kesho."

"Kufanya nini?"

"Kanisani wametangaza. Kuna madaktari wamekuja hospitali moja kule mjini, wiki hii tu. Wanatengeneza midomo ya watoto, makovu ya moto, vitu hivyo."

"Wewe umeungua wapi?"

Akajigusa pembeni ya jicho. "Hapa."

Nilicheka, mjinga mimi. "Dada, hayo si mambo ya wale wa kwenye simu? Wa kuongeza makalio?"

"Wale wanatafuta wanaume," akasema. "Mimi natafuta kuzeeka."



Mama, Theodora, hakutaka hata kusikia. Alikuwa anapepeta mtama uani, akaweka ungo chini. "Mtu mzima unakwenda kukatwa uso? Mwili aliokupa Mungu?"

"Mungu hakunichanja, mama. Aliyenichanja ni mama yako."

Kuku wakaanza kula kwenye ungo na mama asiwafukuze. Halafu akasema kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, neno ambalo nikilikumbuka naona bora angekataa moja kwa moja. Alisema: "Basi wakikata, msiache hata kipande. Nyama ya uso wako ibaki kwa watu usiowajua, waifanyie nini? Irudi hapa, izikwe hapa, kama kilivyozikwa kitovu chako."

Tukaondoka alfajiri. Kwenye benchi la hospitali tulikaa na mzee mmoja kamleta mjukuu wake mwenye mdomo uliopasuka. Akamwangalia Asnath juu mpaka chini.

"Mama, wewe unaumwa nini? Mbona nakuona mzima?"

"Makovu, mzee."

"Hayo tu? Ah! Watoto wanakosa nafasi, watu wazima wamekuja kutengeneza sura."

"Mzee, shikamoo," nikaanza, "lakini naona umekosa kazi ya..." Asnath akanikanyaga mguu kwa kisigino. Nikaishia hapo.

Daktari hakucheka. Alisikiliza, akagusagusa chale kwa kidole, akasema atakata ile ngozi yenye alama na kushona mstari mmoja mwembamba kila upande, uingie kwenye mkunjo wa jicho. Akamkataza jua na moshi. Haikufika hata saa moja. Alitoka na plasta mbili nyeupe, ganzi imemlegeza, anacheka upande kama mtu aliyeonja pombe.

Mimi nikabaki kumwomba nesi kile kipande. Nilidhani atanifukuza. Akanitazama tu, akasema, "Watu wanaomba kondo la nyuma kila siku, sembuse hiki." Akaweka vipande viwili kwenye kichupa cha dawa ya sindano, akafunga na pamba. Nikakitia mfuko wa ndani wa koti. Njia nzima nilikuwa nakisikia kifuani kila pikipiki ikirukaruka.

Kabla hatujafika Misigiri Asnath akaniambia nisimame. Akatoa ile karatasi ya hospitali yenye jina lake, akaichana vipande vidogovidogo, upepo ukabeba.

"Wasije wakaikuta," akasema. "Wakijua nimezitoa watauliza kwa nini."

"Sasa plasta je?" nikauliza.

Hapo ndipo nikatoa akili yangu, na niliiona kubwa. "Tutasema tulianguka na pikipiki."

Kesho yake mama akataka tuzike saa nane mchana, watu wakiwa wamejilaza kwa jua. Nikachimba chini ya minyaa, nyuma ya chumba cha Asnath, futi moja hivi. Mama akapiga magoti, akaomba kwa jina la Yesu, akaongeza na maneno mengine ya kwao ambayo mimi siyajui. Nikaweka kichupa, nikafukia, nikakanyaga. Kunyanyua uso, Febronia huyo, kasimama upande wa pili wa minyaa na ndoo yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Akaangalia udongo, akaangalia jembe. "Mnapanda nini kiangazi hiki?"

Mama akajibu haraka mno. "Tunazika panya."

"Mnamzika panya kwa sala?"

Akachukua ndoo yake akaenda zake. Sikumwona akielekea bombani.

Siku iliyofuata nikaenda kijiweni. Wakati huo vijana wameinamia simu ya Christopher, mwenzangu wa bodaboda, wanamwangalia mwanamke fulani wa mjini aliyefanyiwa upasuaji wa makalio. Kelele, vicheko. Huyu anasema ni dhambi, yule anasema hela yake mwili wake, mwingine anasema akifa atakutwa na plastiki kaburini funza watashindwa. Nikacheka nao. Christopher akaninyooshea kidole.

"Zeki, dada yako vipi? Nasikia mlianguka."

"Tulianguka, kokoto kibao pale kwenye kona."

"Wewe huna mchubuko?"

"Sina."

"Pikipiki haina mkwaruzo?"

"Christopher, usinizingue."

"Nauliza tu, mwanangu. Ajali gani ya bodaboda inamchuna mtu sehemu mbili, kushoto na kulia, sawasawa kama imepimwa na rula?"

Wakacheka wote. Ningewaacha wacheke ingekuwa imepita. Ila akaongeza, taratibu, bila kucheka: "Au ndiyo zile chale zimehamia ndani?"

Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akadondoka kwenye pikipiki yake mwenyewe, nikamfuata chini, nikawa namwaga maneno huku napiga: "Amezitoa! Amezitoa hospitali, daktari amezitoa, mna lingine? Hana chale tena! Mtamwitaje sasa?"

Wakatuachanisha. Christopher akakaa chini anafuta damu, akawaangalia wenzetu kwanza, halafu mimi.

"Mnaona?" akasema. "Yule wa kwenye simu ameongeza ili watu waone. Dada yake Zeki ameondoa ili watu wasione. Nani wa kuogopwa hapo?"

Hakuna aliyecheka tena.  Abiria wangu wa kwanza siku hiyo, mama mmoja wa Kiomboi niliyemzoea, akapanda pikipiki ya mwingine.

Saa kumi nikarudi nyumbani nikakuta watu wamejaa uani. Asnath kasimama mlangoni na plasta zake, mama kamshika mkono. Minyaa pale chini, udongo umefumuliwa. Febronia kashika kichupa kwa ncha ya khanga, hataki kigusane na ngozi yake, amekinyanyua wote wakione.

"Panya wenu huyu hapa," akasema. "Hana manyoya."

Mtu akapiga ukunga. Wanaume wawili niliowajua tangu utoto walikuja na mapanga. Eti walikuwa wanatoka kukata kuni. Nikaokota jembe. Nakuambia ukweli, siku hiyo ningeua mtu au ningeuawa, kama mwenyekiti wa kijiji asingetokea. Mzee Mughwai ni mtu mrefu, mpole wa kusema, hana haraka. Akachukua kichupa kwa mkono mtupu, akakiangalia kwenye jua.

"Twendeni ofisini," akasema. "Na wewe Ezekieli weka jembe."

Ofisini akanikalisha mbele ya watu. "Kijana, kwanza ulisema mlianguka. Halafu ukasema hospitali. Mama yako amesema panya. Leo nichukue lipi?"

"Hospitali, mwenyekiti. Hiyo ni ngozi yake mwenyewe."

"Karatasi?"

"Tulichana."

Watu walinguruma. Kuna aliyesema tangu lini mtu asiye na la kuficha akachana cheti cha hospitali. Asnath akasimama. Hakulia, hakupandisha sauti.

"Nimezitoa kwa sababu yenu," akasema. "Mama mkubwa alikuwa nazo, mnajua alivyokwisha. Na mimi sikutaka kufa vile. Basi."

Nilidhani yatawaingia. Niliangalia sura moja baada ya nyingine. Kila mmoja alikuwa anaangalia zile plasta.

Mwenyekiti akanipa mpaka jua kuzama nilete uthibitisho wa hospitali. Akamfungia Asnath kwenye chumba cha ofisi, akasema ni kwa usalama wake. Sijawahi kuendesha vile. Nikakuta yule nesi bado yupo zamu, nikamwangukia miguuni mbele ya wagonjwa, akafungua daftari, jina likaonekana, daktari wa zamu akaandika barua na kugonga muhuri. Narudi, jua linagusa vilima, nikakuta mawe yamelala kwenye bati la ofisi na watu hawajapungua hata mmoja.

Mwenyekiti akasoma barua kwa sauti, mara mbili. Akasema, "Imeisha. Ni ngozi yake. Mtu asimguse." Akatukabidhi kichupa chetu. Watu wakatawanyika polepole, kwa miguu mizito, kama waliokosa kitu walichoahidiwa. Febronia akabaki. Aliangalia ile barua mkononi mwangu, akauliza, wala hakuwa na hasira:

"Na mjukuu wangu nimwombee karatasi wapi?"



Tukazika kichupa palepale. Nyuzi zikatolewa, ikabaki mistari miwili myembamba, ukikaa mbali hata huioni. Asnath akarudi barabarani. Na mafuta yakauzika! Sijawahi kuona. Abiria wanaita wenyewe, "Wewe dada mwenye sura nzuri, lete mawili!" Anacheka nao, anakimbia na basi. Watu wasiomjua walimpenda. Ila maandazi yalikuwa yanarudi ndani yote, hata moja halinunuliwi. Akipita njiani, watoto wanaitwa ndani. Nilimwona mara moja kasimama mbele ya kioo chake kidogo cha ukutani.

"Zeki, zamani walikuwa wanaangalia chale," akasema. "Nilikuwa najua macho yao yako wapi. Siku hizi wakiniangalia, sijui wanaangalia nini."

Wiki ya tatu baada ya barua, asubuhi, natoka kuosha pikipiki, nikaona mwanga mahali ambapo hauingiagi. Minyaa imekatwa. Upande wa dirisha la chumba cha Asnath, pengo la kupita mtu mmoja. Limekatwa kwa panga kali, vizuri, matawi yamelazwa pembeni yakiangalia upande mmoja. Maziwa ya minyaa bado yalikuwa yanadondoka.

Nikaenda porini nikaleta miiba, nikaziba mpaka juu, mikono yote damu. Kesho yake miiba ilikuwa imetolewa, imepangwa ukutani mmoja juu ya mwingine, na pengo limeongezeka. Hakuna kilichoibiwa. Hata mbwa wa jirani hakubweka.

"Twende Mitundu," nikamwambia Asnath. "Binti wa mjomba yupo kule, ana kibanda cha biashara, utauza naye."

"Siendi. Nikiondoka watasema nimekubali."

Nikamwomba siku tatu. Siku tatu akakataa.

Sasa, minyaa ina tabia moja kila mtu wa huku anaijua. Yale maziwa yakikuangukia mkononi hayatoki kwa sabuni. Yanaganda, yanakuwa meusi, unatembea nayo siku kadhaa. Nikaanza kuangalia mikono ya watu ninapowasalimia. Kijiweni, dukani, kanisani wakati wa kupeana amani. Christopher, hana kitu. Wale wawili wa mapanga, hawana kitu. Febronia alikuwa anafua, mikono yake myeupe kwa povu, nikapita.

Jana nikakutana na mwenyekiti Mughwai mbele ya ofisi. Akanipa mkono kama kawaida yake, akaushika wangu muda mrefu. Vidole vyake vitatu, kuanzia kwenye kucha, vimegandwa na weusi.

Labda alikuwa anakata ua wake mwenyewe. Kila mtu hapa ana minyaa. Nilijiambia hivyo palepale, mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Na mimi Zeki, ambaye nimempiga Christopher kwa neno moja, sikuthubutu hata kuuchomoa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Dada hajambo?"

"Hajambo."

"Bado analala chumba kile cha nyuma?"

"Bado."

"Mpe salamu."

Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Asnath anachuja mafuta uani. Nikamwambia, "Funga nguo. Safari hii sikuombi." Akaniangalia usoni, akaona kitu, akauliza ni nani. Sikumtajia. Nikimtajia atakwenda kumuuliza, na huko ndiko hatarudi.

Akafunga nguo mbili na kile kioo. Mama akasema yeye habanduki, mtu wa kulisha kuku ni nani. "Mimi zangu ziko kifuani," akasema. "Hawajawahi kuziona." Akakaa mlangoni na ungo wake.

Tayari nimewasha, Asnath akashuka. Akachukua jembe, akazunguka nyumba. Nikamfuata.

"Unafanya nini? Muda huu?"

"Siwaachii hata kipande."

Akachimba pale chini ya minyaa, pembeni ya lile pengo. Udongo ulikuwa laini, ukatoka kirahisi mno. Alichimba futi moja, akachimba ya pili. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akapapasa kulia na kushoto.

Kichupa hakikuwepo.

Alikaa kidogo kachuchumaa, mkono umo ndani ya shimo. Halafu akarudisha udongo wote, akausawazisha kwa kiganja, akaukanyaga vizuri, kama kipo.

"Washa," akasema.